Jinsi ya Kujilinda Ukiwa Nje ya Ukuta wa Ubalozi

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi ikiwa imepita kidogo, magari mawili yaliyosheheni mabomu yalilipuka, kwa tofauti ya dakika chache, kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12. Dar es Salaam walikufa 11, na hakukuwamo Mmarekani hata mmoja. Waliolengwa walikuwa wenye ubalozi, lakini wengi wa waliozikwa walikuwa makarani wa ofisi za jirani, wanafunzi wa uhazili, abiria waliokuwa ndani ya mabasi, walinzi wa getini na wapita njia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo: anayepanga foleni ya viza, mwenye ofisi jirani, mlinzi wa kampuni binafsi, na anayetaka kuandamana mbele ya ubalozi bila kuumia wala kuumiza.

Nani analinda nini

Kabla ya kuamua utamkimbilia nani, ni vizuri kujua mipaka ya kila mlinzi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia unasema, katika ibara ya 22, kwamba majengo ya ubalozi hayaingiliki, na kwamba maofisa wa nchi mwenyeji hawawezi kuingia humo bila idhini ya mkuu wa ubalozi. Ibara hiyohiyo inaibebesha nchi mwenyeji wajibu maalumu wa kuchukua kila hatua inayofaa ili majengo hayo yasivamiwe wala kuharibiwa. Kwa hiyo barabara, kituo cha basi na njia ya waenda kwa miguu viko chini ya polisi wa nchi. Ndani ya ukuta wanahusika maofisa wa ubalozi wenyewe. Na getini mara nyingi husimama walinzi wa kampuni binafsi, ambao hawana mamlaka ya polisi lakini ndio wa kwanza kukutana na hatari. Ukiona gari lililoachwa mahali pasipo pake, au mtu anayezunguka eneo hilo siku baada ya siku bila shughuli inayoeleweka, mwambie polisi aliye karibu au mlinzi wa getini, kisha ondoka. Usitarajie askari walioko ndani watoke mtaani kukuokoa, kwa sababu kazi yao inaishia ukutani.

Wako wanaoamini kwamba ubalozi ni kipande cha nchi ya kigeni. Sivyo. Ardhi inabaki kuwa ya nchi mwenyeji na sheria zake zinatumika. Kinachozuiwa ni maofisa wake kuingia bila ruhusa. Kwa jirani wa ubalozi jambo hili lina uzito hata siku ya ajali ya kawaida. Mkataba wa mwaka 1963 unaohusu konseli, yaani ofisi zinazohudumia raia na viza, unaruhusu idhini ichukuliwe kuwa imetolewa pale moto unapozuka, lakini ule wa 1961 hauna kifungu kama hicho, hivyo kikosi cha zimamoto kinaweza kufika na kulazimika kusubiri getini. Kama jengo lako limepakana na ubalozi, panga njia zako za kutokea na vifaa vyako vya kuzimia moto bila kutegemea kwamba upande wa pili wa ukuta utashughulikiwa haraka.

Umbali ndio kinga ya kwanza

Baada ya ubalozi wa Marekani mjini Beirut kulipuliwa Aprili 1983 na kuua watu 63, jopo lililoongozwa na Admirali Bobby Inman lilipendekeza mwaka 1985 kwamba jengo la ubalozi likae angalau futi 100, yaani kama mita 30, kutoka barabarani. Sababu yake ni ya kifizikia: nguvu ya mlipuko hupungua kwa kasi kubwa kadiri umbali unavyoongezeka, kiasi kwamba mita chache za nyasi huweza kufanya kazi ambayo zege nene haiwezi. Ubalozi wa Nairobi, uliokuwa kwenye kona ya barabara za Moi na Haile Selassie, haukuwa na umbali huo. Balozi Prudence Bushnell alikuwa amekwisha kuiandikia serikali yake kuomba jengo jingine. Hakupewa. Balozi mpya za Gigiri, Nairobi, na Msasani, Dar es Salaam, zilizofunguliwa mwaka 2003, zilijengwa katikati ya viwanja vikubwa, nyuma ya kuta na vizuizi vya magari.

Kwa upande wako, maana yake ni kwamba mita zile 30 zinamkinga aliye ndani, na foleni ya nje iko upande wa pili wa hesabu hiyo. Usifike muda wa saa tatu nzima kabla ya miadi yako ukasimama ukutani. Fika karibu na muda uliopangiwa, na kama umewahi, subiri mahali palipo mbali na geti. Usisimame kati ya vizuizi vya magari na ukuta, wala kwenye njia ambayo magari hukaguliwa. Begi kubwa, kompyuta mpakato na vifurushi viache nyumbani, kwa sababu vinachelewesha ukaguzi na kurefusha foleni, na foleni ndefu ni hatari yenyewe. Usipige picha za geti, kamera au walinzi. Hata kama nia yako ni njema, unamfanya mlinzi akutazame wewe badala ya barabara.

Ukisikia kishindo, usiende dirishani

Hili ndilo ningependa msomaji alishike hata akisahau mengine yote. Siku ile Nairobi, washambuliaji walipozuiwa kwenye lango la nyuma la maegesho, mmoja wao alirusha guruneti la kishindo, na milio ya risasi ikafuata. Watu waliokuwa ofisini, katika ubalozi na katika majengo jirani likiwemo lile refu la Benki ya Ushirika, wakafanya ambalo karibu kila binadamu angefanya: wakaenda madirishani kuchungulia. Muda mfupi baadaye bomu lenyewe likalipuka. Vioo vilipasuka na kuruka kama visu, na wengi wakapoteza macho. Jengo la Ufundi, lililokuwa jirani kabisa, liliporomoka lote.

Tume ya uchunguzi ya Admirali William Crowe, iliyotoa ripoti yake Januari 1999, ilitambua kwamba waathiriwa hawakuwa wamezoeshwa kujiepusha na madirisha, na hakukuwa na king'ora cha kuwaonya. Kanuni ni nyepesi kuieleza lakini ngumu kuitii bila mazoezi. Ukisikia mlipuko mdogo, risasi au kelele za taharuki karibu na ubalozi, geuka upande ulio kinyume na sauti, shuka sakafuni, jisogeze nyuma ya ukuta wa ndani au chini ya meza imara, funika kichwa na shingo kwa mikono, ufumbe macho. Kaa hapo. Kishindo cha kwanza kinaweza kuwa cha kuvunja lango tu, na cha pili ndicho chenye bomu. Ukiwa barabarani, usiegemee ukuta wa vioo wala kujibanza kando ya gari lililoegeshwa. Lala chini nyuma ya kitu kigumu cha zege, au pita kona ya jengo iliyo karibu uendelee kwenda.

Mwenye ofisi au shule iliyo jirani na ubalozi afanye mambo mawili ambayo gharama yake si kubwa. Kwanza, abandike kwenye vioo plastiki maalumu inayoshikilia vipande visitawanyike kioo kinapopasuka, na asogeze meza za wafanyakazi mbali na madirisha. Pili, awafanyishe wafanyakazi mazoezi ya kulala chini, siyo yale ya moto peke yake, kwa maana mazoezi ya moto huwafundisha watu kutoka nje haraka, na mbele ya bomu kutoka nje haraka kunaweza kuwa ndiyo kuliendea.

Kwa walinzi wa getini

Walinzi waliokuwa lango la nyuma Nairobi walikataa kumfungulia mshambuliaji, na kukataa kwao kulilizuia lori lisiingie maegesho ya chini ya jengo. Lakini mmoja wao alipojaribu kuwaarifu askari wa ndani, masafa pekee ya simu ya upepo yalikuwa yakitumiwa na wengine, na simu ya mezani ilikuwa na mtu. Tangu kusoma habari hiyo, swali langu kwa mlinzi yeyote wa ubalozi ni lilelile: njia yako ya pili ya kupiga kengele ni ipi, na ya tatu? Kama jibu ni simu yako binafsi ya mkononi yenye salio la kubahatisha, mdai mwajiri wako kitufe cha dharura na masafa ya akiba, na umdai kwa maandishi.

Dar es Salaam, kule Oysterbay, boza la maji lilikuwa getini wakati lori la washambuliaji lilipofika, na lori likashindwa kupita. Boza lilipokea sehemu ya nguvu ya mlipuko, nalo likarushwa mpaka kwenye jengo. Lilikuwa pale kwa bahati, ila utaratibu mzuri hufanya kwa makusudi kile ambacho bahati ilifanya siku ile: gari moja tu lihudumiwe kwa wakati mmoja, ukaguzi ufanyike mbali na jengo, na geti la ndani lisifunguliwe kabla la nje halijafungwa. Mlinzi anayezungumza na dereva asiwe peke yake; mwenzake asimame mbali kidogo, mkono ukiwa kwenye chombo cha kengele, kwa sababu anayezungumza huwa hana nafasi ya kupiga king'ora.

Shambulio halihitaji lori. Oktoba 2016 mtu mwenye kisu alimvamia askari aliyekuwa akilinda nje ya ubalozi wa Marekani wa Gigiri na kupigwa risasi. Tarehe 25 Agosti 2021, jijini Dar es Salaam, mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi, kisha naye akauawa karibu na geti la ubalozi wa Ufaransa. Video za tukio hilo zilizosambaa mitandaoni zilipigwa na watu waliokuwa ndani ya umbali wa risasi. Simu iache mfukoni, ondoka kwanza.

Unapotaka kuandamana

Kuandamana mbele ya ubalozi si kosa. Nchini Kenya sheria inataka taarifa ipelekwe polisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya tarehe husika. Tanzania inataka saa 48. Andikeni taarifa hiyo, wekeni watu wenu wa kusimamia nidhamu, na mkubaliane mapema na polisi mtasimama upande gani wa barabara na nani atapokea barua yenu. Upande wa pili wa barabara ni salama zaidi kwenu pia. Aprili 1984 askari polisi Yvonne Fletcher, aliyekuwa akisimamia maandamano mbele ya ofisi za kibalozi za Libya jijini London, aliuawa kwa risasi iliyotoka ndani ya jengo lenyewe, na waliokuwa humo hatimaye waliondoka nchini chini ya kinga ya kidiplomasia.

Atakayevuka uzio au kuwasha moto anaifungulia nchi yake deni. Tarehe 28 Januari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wameingia Goma, mashariki mwa Kongo, waandamanaji wa Kinshasa walishambulia balozi kadhaa, zikiwemo za Rwanda, Ufaransa, Ubelgiji, Marekani na Uganda. Ubalozi wa Kenya nao uliporwa, ingawa rais wa Kenya ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na alikuwa ameitisha mkutano wa kutafuta suluhu. Na Kongo ilikuwa imekwisha onywa: mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika kesi ambayo kwa sehemu kubwa Uganda ndiyo iliyoshindwa, iliiona Kongo nayo ina hatia ya kushambulia ubalozi wa Uganda mjini Kinshasa na kuwatendea vibaya wanadiplomasia wake.

Pasipoti na makaratasi

Ukiwasilisha pasipoti ubalozini, uliza kama inawezekana kubaki nayo wakati ombi lako linashughulikiwa, na kama haiwezekani, baki na nakala iliyothibitishwa na stakabadhi yenye tarehe. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 na balozi za Khartoum kufungwa kwa haraka, waombaji wa viza waliachwa bila pasipoti zao, na Marekani ilikiri kuharibu zilizokuwa mikononi mwake ili zisiangukie kwa watu wabaya. Watu hao walikuwa katikati ya vita bila hati ya kuvukia mpaka.

Anayefanya kazi ubalozini, awe karani, dereva au mtunza bustani, atunze nyumbani nakala ya mkataba wake wa ajira, hata kama ameajiriwa na kampuni ya kati. Mwaka 2020 Sudan, iliyotuhumiwa kuwahifadhi al-Qaeda waliofanya mashambulizi yale, ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya waathiriwa wa mashambulizi ya 1998 na mengine dhidi ya Marekani, na walionufaika ni raia wa Marekani pamoja na waliokuwa wafanyakazi wa balozi hizo na familia zao. Wakenya waliokuwa wapita njia, ambao ndio wengi, walibaki nje ya mgawo. Kwa hiyo ukijeruhiwa, hata kwa kipande kidogo cha kioo, chukua fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, ijazwe na daktari ukiwa bado na majeraha, na utoe nakala ya kila karatasi ya hospitali umwachie ndugu anayeishi nyumba nyingine.