Kuunganisha vyumba vya chuma vya kupachika: bolti ikigoma, angalia chini

Assalam alaykum. Naandika baada ya kumsaidia mdogo wangu wa kazi huko Paje, vyumba viwili ubavu kwa ubavu, toka asubuhi mpaka alasiri bolti za juu haziingii.

1. Misingi
Kabla hujaita kreni, pima vichwa vyote vya zege kwa mpira wa maji. Pima maji ya mwashi mie siitaki kwa kazi hii, fupi, na leza mchana wa jua la pwani huioni. Pale Paje upande wa baharini ulikuwa chini milimita 12, wakasema si kitu. Haya piga hesabu: chumba upana mita 2.4, kimo mita 2.9, chini ukizama 12 kule juu kinalala milimita 14 na nusu. Na bolti ya M20, yaani unene milimita 20, inakaa kwenye tundu la 22, nafasi yako ni milimita 2 basi, itaingiaje? Wamepiga nyundo weee, mwisho mmoja kawasha gesi apanue tundu, nikamwambia zima mwanangu. Tundu la gesi halina ukingo, bolti inakosa pa kuegemea na zinki yote ya pale inaungua. Tukatia jeki, tukasukuma pleti mbili za milimita 6 kila kona ya upande ule, bolti zikaingia kwa mkono. Pleti za chuma lakini, sio vibao, na ziwe na upana sawa na kitako cha nguzo.

2. Kushusha
Mnakujua. Mtu asipite chini ya mzigo.

3. Kukaza
Tia bolti zote kwanza, nati kwa vidole, usikaze hata moja, maana ukikaza moja umezifungia njia nyengine zote. Halafu anzia katikati ya pleti ya maungio uende nje, nguvu za mtu mmoja kwa spana ya kawaida, bila ya kuchomeka bomba, kisha rudia duru ya pili kwa sababu zile za mwanzo utazikuta zimelegea. Mchoro ukitaka spana ya kupimia nguvu, tumia hiyo. Nikishakaza napiga mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye pleti, siku nati ikizunguka mstari unakatika, unaona kwa macho.

4. Chumvi
Chumvi ya bahari inakula chuma, kwa hiyo bolti za kuchovywa zinki tu, na nunua pamoja na nati zake, nati nyeusi ya dukani haipandi.