Somo: Kulea na kuchagua bantamu wa urembo, umbo kwanza rangi baadaye

Ndugu wafugaji, habari za baridi. Somo hili ni la mnaofuga bantamu, yaani kuku wa maumbo madogo, kwa ajili ya uzuri wao: Pekin, Silkie, Sebright, Serama na jamaa zao. Anayetafuta trei za mayai au nyama ya Krismasi asubiri somo lingine.

Neno langu ni moja. Wafugaji wetu wa huku Nyanda za Juu wananunua rangi. Picha ya mtetea wa bluu, yaani wa kijivu cha samawati, ikirushwa, simu zinaita mfululizo, na hakuna anayeuliza mgongo ukoje, mkia umekaaje au vidole vimenyooka. Rangi iliyoharibika unaweza kuirudisha kwa vizazi viwili vitatu ukijua unachochanganya. Umbo lililoharibika litakusumbua miaka.

Hatua ya 1: Chagua aina moja, uijue hadi usiku wa giza

Huwezi kusema kuku huyu ni mzuri kama hujui mzuri anatakiwa aweje. Chama cha wafugaji wa kuku cha Marekani kilianzishwa mwaka 1873, na mwaka uliofuata kikachapa viwango vya kila aina. Waingereza nao wana vyao. Viwango hivyo havilingani kila mahali: Silkie kwa Wamarekani anahesabiwa bantamu, kwa Waingereza Silkie wa kawaida si bantamu. Kwa hiyo muuzaji akisema "huyu ni wa kiwango", muulize kiwango cha nani.

Pekin anatakiwa awe mduara kila upande unaomtazama, mfupi, ameinama mbele kidogo kiasi kwamba mkia unapanda juu ya kichwa. Miguu imefunikwa na manyoya mpaka vidoleni. Pekin aliyesimama wima kama jogoo wa kienyeji, hata awe na rangi gani, hafai kuwa mzazi.

Silkie ana ngozi nyeusi, manyoya laini yasiyoshikamana na vidole vitano kila mguu. Hivyo vidole vihesabu siku anayoanguliwa, usisubiri.

Sebright ndiye mgumu kuliko wote. Kila unyoya, kuanzia kichwani hadi mkiani, unatakiwa uwe na pindo jembamba jeusi lisilokatika. Tena jogoo wake havai mapambo ya jogoo: hana zile nyoya ndefu za mkia zilizopinda, anavaa kama mtetea. Ukiona Sebright dume mwenye mkia wa mundu, hapo kuna damu nyingine imeingia. Mgeni asianze naye, maana rutuba ya mayai yake mara nyingi ni ndogo na vifaranga ni dhaifu.

Hatua ya 2: Banda la nchi ya baridi

Bantamu aliyekomaa akikaa pakavu anavumilia baridi ya Juni na Julai. Kinachomuua ni unyevu na upepo unaompiga usiku. Ziba upande unaotoka upepo, acha uwazi wa juu karibu na paa ili hewa chafu itoke. Msiwafungie jiko la mkaa kwenye chumba kisicho na uwazi, moshi ule usioonekana unaua kuku na mtu.

Sisi tuna bahati ya maranda. Viwanda vya mbao vya Mafinga vinatoa maranda ya paini mengi, na hakuna sakafu nzuri zaidi kwa kuku mwenye manyoya miguuni. Uliza kwanza kama mbao zilitiwa dawa. Maranda ya mbao zenye dawa usiyaingize bandani.

Vijiti vya kulalia viwe chini, futi moja inatosha. Pekin au Silkie akiruka kutoka juu kila asubuhi ataumia nyayo.

Hatua ya 3: Totolesha kwa kalenda

Anayetaka kuonyesha ndege Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, ahesabu kurudi nyuma. Bantamu anapendeza akiwa na miezi saba hivi. Mayai yakiingia mwishoni mwa Novemba, vifaranga wanatoka katikati ya Desemba, na ifikapo tarehe 8 Agosti wameiva. Anayetotolesha Machi atapeleka pora wenye mikia nusu.

Mayai ya bantamu huchukua siku 21 kama ya kuku wengine, ila msishangae wakianza kutoboa siku ya 19 au 20. Silkie na Pekin wanaatamia vizuri sana. Mwenye koo mtulivu hana haja ya kugombana na umeme wa kukatikakatika.

Chanjo ya mdondo ni lazima. Ile ya I-2 ya tone la jicho inarudiwa kila miezi mitatu. Mdondo haumwachi ndege wa urembo kwa kuwa ni wa bei.

Hatua ya 4: Chakula

Vifaranga wapate chakula chenye protini ya asilimia 20 hivi, wakubwa 16 inatosha. Wanapobadilisha manyoya ongeza protini, kwa sababu unyoya wenyewe karibu wote ni protini: dagaa wa Ziwa Nyasa waliosagwa, mashudu ya alizeti kiasi. Mafuta yakizidi atanenepa, na Pekin mnene huacha kutaga.

Hatua ya 5: Kuchambua

Hapa ndipo somo lilipo.

Mchambue mara tatu. Siku ya kwanza angalia kasoro zisizojificha: mdomo uliopishana, idadi ya vidole, vidole vilivyojikunja. Kwenye wiki ya nane hadi ya kumi angalia mgongo na namna anavyosimama. Uamuzi wa mwisho ungoje mpaka avae manyoya ya utu uzima, miezi mitano au sita. Katikati hapo, miezi mitatu minne, kila bantamu ni kituko, na ndio wakati watu wanauza ndege wao bora kwa bei ya mchuzi. Kuweni na subira.

Namna ya kumpima: kwanza usimshike. Mweke juu ya meza, rudi nyuma, umtazame akiwa ametulia. Umbo linaonekana kwa mbali. Kisha mshike, kiganja chini ya kifua, miguu katikati ya vidole vyako, na umpapase ukiwa umefumba macho yako mawili. Mkono unaona kitu ambacho manyoya yanaficha. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari. Ukiwa umepinda, weka pembeni. Mgongo uwe mpana na usawa, bega moja lisiwe juu ya jingine. Fungua bawa polepole kama unavyofungua feni ya mkono: manyoya makubwa yapangane bila mwanya katikati. Bawa lenye mwanya hurithiwa, na ukilifumbia macho mwaka huu, mwakani litakuwa bandani lote. Mkia utazame kwa nyuma. Ukielekea upande mmoja siku zote, ni mgongo uliopinda, hata awe mzuri namna gani.

Upanga wa kichwani wenye chipukizi la pembeni ni kasoro kwa aina zenye upanga wa kawaida. Baada ya yote hayo ndipo uanze kutazama rangi.

Hatua ya 6: Rangi

Mweusi mtazame juani asubuhi. Anatakiwa ang'ae kijani. Wenye ng'aro ya zambarau waache. Mweusi akishinda juani miezi mingi hugeuka kahawia kwenye mabawa. Hilo si la kurithi, litaondoka akibadilisha manyoya. Mweupe awe mweupe hadi kwenye shina la unyoya. Wenye milia, jogoo huonekana mweupe zaidi kuliko mtetea kwa sababu yeye hubeba vinasaba viwili vya milia, mtetea kimoja tu. Usimtupe ukidhani amechujuka.

Kupaka rangi au kukata unyoya ili kuficha kasoro ni udanganyifu, na mwamuzi anayejua kazi atamtoa nje. Kung'oa unyoya uliovunjika ni jambo jingine: ukiachwa hauoti mpaka msimu wa kubadilisha, ukiung'oa mwingine hukua kwa wiki 6 hadi 8.

Hatua ya 7: Kuosha na kumzoesha

Muoshe siku mbili au tatu kabla, saa nne asubuhi jua likiwa limepanda. Beseni la kwanza maji ya vuguvugu na sabuni laini, la pili maji yenye siki kidogo kuondoa sabuni, la tatu maji matupu. Usisugue kinyume cha unyoya. Mkaushe kabisa kabla jioni haijaingia. Siku ya maonyesho paka mafuta kidogo sana kwenye upanga, ndevu na miguu. Wiki mbili kabla mweke kwenye kizimba kidogo, kila anayepita amguse. Ndege anayejigonga kwenye waya hana umbo la kutazamwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mafinga: Mwalimu, nilinunua jogoo wa bluu na mtetea wa bluu. Vifaranga wametoka weusi, bluu, na wengine weupe wenye madoa. Nimetapeliwa?

Jibu: Hapana kaka, aliyekuuzia ni mkweli. Bluu kwa bluu hutoa, kwa wastani, nusu bluu, robo weusi na robo hao wenye madoa, ambao wafugaji huwaita splashi. Ukitaka bluu watupu, mpandishe mweusi kwa splashi: wote watatoka bluu. Kwa hiyo usichinje splashi mwenye umbo zuri.

Mwanachama, Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Huku kwetu mvua haikatiki, Pekin wangu miguu yote matope na manyoya yanakatika. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Wa maonyesho usiwatoe nje masika, wakae kwenye maranda makavu. Matope yakikauka miguuni usiyabandue kwa mkono, loweka kwa maji ya uvuguvugu. Chungulia pia chini ya magamba: yakiinuka na kuwa na unga mweupe, hao ni utitiri wa miguu. Paka mafuta ya kupikia au vaselini mguu mzima, urudie kila baada ya siku chache mpaka magamba ya zamani yadondoke.

Mwanachama, Uyole: Mweupe wangu anageuka njano mgongoni. Nimemuosha mpaka amechoka.

Jibu: Mpe kivuli mchana, jua letu la juu huku ni kali hata kukiwa na baridi. Halafu uangalie chakula: mahindi ya njano humpaka rangi kutoka ndani. Tumia mahindi meupe, na huku hayo hayakosekani.

Mwanachama, Njombe: Bantamu wa Kijapani wenye miguu mifupi, mayai mengi yanafia ndani siku za mwanzo. Mashine ni mpya.

Jibu: Mashine yako haina kosa mama. Kinasaba cha miguu mifupi kikikutana kutoka kwa baba na mama, kiinitete hufa. Mfupi kwa mfupi utapoteza robo, nusu watatoka wafupi, robo warefu. Mpandishe mfupi kwa mrefu wa ukoo huohuo: utapata nusu wafupi na hiyo hasara haitakuwepo.

Mwanachama, Iringa mjini: Nina kidimu wa kienyeji, manyoya yamejipinda vizuri sana. Nikimpandisha kwa Pekin nitapata Pekin wa kidimu?

Jibu: Utapata kifaranga mrefu mwenye manyoya yaliyopinda, si Pekin. Itakubidi umrudishe kwa Pekin safi kizazi baada ya kizazi, kila mara ukichagua mwenye umbo, na usipandishe kidimu kwa kidimu, maana baadhi ya watoto hutoka na manyoya yanayokatika mpaka wanabaki uchi, na kwa baridi ya Iringa hao hawafiki mbali. Pekin wenye manyoya ya kidimu tayari wapo, ni rahisi kumtafuta mmoja kuliko kumtengeneza. Kidimu wako mwache awe kienyeji.

Mwanachama, Mbalizi: Silkie wangu wana miezi mitatu, nani jogoo nani mtetea?

Jibu: Subiri miezi miwili zaidi. Yeyote anayekuhakikishia sasa anabahatisha. Akianza kuwika, usiniulize tena.