Jozi ndogo katika mashindano ya poka ya karata saba: tazama meza kwanza

Swali la jozi ndogo, yaani uicheze au uitupe, limerudiwa mno katika baraza yetu ya karata hapa Ngamiani, Tanga, na nimeona heri jibu likae mahali pamoja ili wanaojiandaa kwa mashindano walisome kabla ya kuketi. Jozi ni karata mbili za namba moja, na ndogo ninayoizungumzia ni ya mbili hadi saba. Mchezo ni ule wa karata mbili za siri na moja ya wazi mwanzoni, kisha tatu za wazi, na ya saba ya siri. Tunachezea kete, si fedha.

Hatua ya 1. Hesabu kete zako na ujue mchango wa kila mgao, yaani kete ambazo kila mchezaji hutoa kabla karata hazijagawiwa.

Hatua ya 2. Kabla ya kuzifurahia karata zako, zisome za wazi za wenzako. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tuseme mko wanane na una jozi ya tano. Umeziona karata zako tatu na saba za wenzako, zimebaki 42 usizozijua. Ikiwa tano mbili zilizosalia hazijaonekana popote, uwezekano wa kupata ya tatu katika karata nne zijazo ni takriban asilimia 18. Tano moja ikiwa imelala wazi mbele ya mwenzako, uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 10. Zikionekana zote mbili, umebaki na jozi dhaifu isiyoweza kukua kuwa tatu. Tahadhari: anayetupa karata huzifunika, na usipozikariri mapema hutaziona tena. Tahadhari ya pili: usifuate dau lililoongezwa kwa sababu tu mkononi mna jozi.

Hatua ya 3. Itazame karata ya tatu. Jozi ya tano pamoja na ree (karata ya A) ina thamani kuliko jozi hiyo pamoja na tisa, kwa kuwa ree ya pili itakupa jozi mbili zinazozishinda hata jozi mbili zinazoongozwa na mzungu wa nne (mfalme). Tano zote mbili zikiwa za siri ni bora zaidi, maana ya tatu ikitua wazi wenzako wataiona kama karata ya pekee.

Hatua ya 4. Karata ya nne isipokusaidia, na mwenye karata kubwa ya wazi akatia dau, tupa. Kuanzia karata ya tano dau huwa maradufu, na katika mashindano yasiyoruhusu kununua kete upya, zilizopotea hazirudi.

Hatua ya 5. Kete zikiwa chache na mchango umepanda, jozi yoyote dhidi ya mpinzani mmoja asiyeonyesha karata kubwa inatosha kuziweka zote.

Maswali ya wanachama

Wa Chumbageni: Nina jozi ya nne, nicheze?
Jibu: Hukutaja karata ya tatu wala zilizo wazi mezani. Rudi hatua ya 2.

Wa Pangani: Mimi hufuata kila mara na hushinda.
Jibu: Ndugu yangu, kushinda migao kadhaa hakubadilishi idadi ya tano zilizomo katika karata 52. Nimeandika hesabu hapo juu; ionyeshe ilipokosewa nami nitairekebisha.

Wa Muheza: Shikamoo mwalimu. Nawezaje kukariri karata nyingi kiasi hicho?
Jibu: Marahaba, umeuliza jambo la maana. Usizikariri zote. Kwanza tafuta zinazohusu jozi yako, pili zinazofanana na karata yako ya tatu, kisha zile ambazo mpinzani wako mkuu anazihitaji. Zitaje moyoni kuanzia ndogo kwenda kubwa, si kwa mpangilio wa viti, na urudie kila mtu anapotupa. Anza mazoezi nyumbani kwa karata saba zilizofunuliwa kwa muda mfupi.

Wa Muheza: Ahsante sana. Na mbili zikionekana kwa watu wawili, nani anafungua, yaani analazimika kutia dau la kwanza?
Jibu: Hutazamwa alama: pau ndiyo ya chini, hufuata uru, kisha kopa, na shupaza iko juu. Mwenye mbili ya chini ndiye anayefungua. Ree huhesabiwa kuwa kubwa hapa, kwa hiyo mwenye ree halazimiki kufungua.