Gari limezimwa, bado linalia
Ukizima gari ukasikia "tik, tik, tik" huko chini, usikimbilie kwa fundi. Hiyo ni ekzosi, bomba la moshi: chuma kilitanuka kwa moto, sasa kinapoa na kusinyaa. Feni ya rejeta, kile kipoza injini, nayo, kwa magari mengi, huendelea kuzunguka dakika chache. Iache, usichomoe waya wa betri ili kuinyamazisha.

Mlio wa kuutilia shaka ni wa maji kutokota chini ya boneti. Hapo mara nyingi kulanti (kimiminika cha kupozea injini) imepungua, au mfuniko wa rejeta umechoka na haushiki presha. Usiufungue injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa. Mvuke utakubabua uso. Subiri ipoe kabisa ndipo uangalie kiwango. Ukiongeza, weka kulanti, si maji ya kisima yenye chumvi.