Kujenga karibu na barabara kubwa bila kuwalisha watu moshi

Dalali akikwambia kiwanja "kimegusa lami" anakutajia sifa, na kwa mtu anayetaka kufungua duka la nondo na simenti ni sifa kweli, ila kama unataka kuweka pale chekechea, zahanati au ghorofa la kupangisha familia basi hiyo lami inabidi uipime kwanza kabla hata hujaulizia bei. Hapa naongelea Dar, yaani Mandela, Morogoro Road, Kilwa Road, Nyerere, na naongea na mwenye kiwanja, kamati ya shule, mwenyekiti wa mtaa, hata afisa mipango miji akipita asome tu. Jambo lenyewe ni kwamba hewa inapangwa kwenye karatasi. Ukishamwaga zege umebakiwa na pazia na feni.

Tuanze na umbali. Moshi wa magari ni mkali zaidi kwenye mita 100 mpaka 150 za mwanzo, ukifika kama mita 300 hivi unakuwa umeshachanganyika na hewa ya kawaida ya mji. Kule California bodi yao ya hewa tangu 2005 inashauri nyumba, shule na sehemu za wagonjwa zisiwekwe ndani ya futi 500, kama mita 150, kutoka barabara za mjini zinazopitisha magari 100,000 kwa siku. Najua mtu atasema "sisi hatuna magari mengi hivo", sawa, lakini gari zetu nyingi zimeshachoka huko zilikotoka kabla hazijashushwa bandarini, na lori moja la kontena lenye injini mbovu likipanda kilima linatema kuliko gari ndogo kibao, bado hujaweka vumbi la pembeni ya lami na unga wa breki na matairi ambao hata gari ya gesi au ya umeme inautoa.

Alafu pimia wapi? Watu wengi wanapima kutoka lami ya leo, hapo ndo wanapopigwa. Pima kutoka mwisho wa hifadhi ya barabara, yaani ile ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara hata kama lami haijaifikia. Sheria ya Barabara ya 2007 inatoa mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu, na kuna sehemu hifadhi ni pana kuliko hapo, waulize watu wa Kimara waliopitiwa na bomoabomoa ya 2017, sasa hivi kuanzia pale kwenda Kibaha ni njia 8. Ile nafasi unayoiona ina majani na mafundi pikipiki siku moja itakuwa lami, na dirisha la mtoto litakuwa limesogelewa na malori bila nyumba kuhama hata inchi.

Mita 150 hupati? Katikati ya Dar hupati, tusidanganyane. Basi cheza na mpangilio. Mbele barabarani weka fremu, ghala, maegesho, ofisi. Nyuma yake nyumba. Shule, zahanati na uwanja wa kuchezea watoto ndani kabisa. Kwenye urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa naona sana kinyume chake, watu wanagawana viwanja vizuri alafu shule inapewa kile kipande kilichobaki barabarani kwa sababu "kinafikika", na kwenye michoro kinapita. Wakati mnakaa kwenye kikao cha mtaa kuchora njia, hapo ndo pa kubisha, na kubisha pale hakuna gharama kabisa.

Sasa upepo, na hapa watu wa pwani tuna bahati maana tunaujua hata kabla ya kufungua simu. Kusi, upepo unaotoka kusini-mashariki, inavuma kuanzia kama mwezi wa 5 mpaka wa 9, kaskazi, unaotoka kaskazini-mashariki, kama mwezi wa 12 mpaka wa 3. Morogoro Road inatoka mjini kwenda magharibi, kwa hiyo kipindi cha kusi moshi unalalia upande wa kaskazini wa barabara, kipindi cha kaskazi unarudi upande wa kusini, hakuna anayepona mwaka mzima ila wanapokezana. Mandela ni nyingine, inatoka bandarini inapandisha kwenda Ubungo, kaskazi inausukuma moshi upande wa Tabata, wakati kusi inaelekea kuifuata barabara yenyewe na moshi unatembea humo humo. Nenda kiwanjani mchana upepo wa bahari ukiwa umeamka, alafu nenda tena saa 12 asubuhi hewa ikiwa imetulia na foleni imeshaanza. Hiyo saa 12 ndo mbaya, moshi unakaa chini na unasambaa mbali kuliko mchana, na ndo saa watoto wanasimama kituoni kugombania daladala.

Kupima siku hizi sio lazima uwe na pesa za mradi. Kuna vifaa vidogo vya kupima PM2.5, zile chembe ndogo zinazoingia mpaka ndani ya mapafu, na vya mradi wa AirQo vinatengenezwa hapo hapo Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Weka kimoja barabarani na kimoja nyuma ya kiwanja kwa wakati mmoja, tofauti kati yao ndo itakupa habari kuliko namba yenyewe, kwa sababu unyevu wa Dar ukipanda vifaa hivi vinazidisha, vinahesabu ukungu kama moshi. Viache wiki kadhaa, na kama unaweza rudia msimu wa upepo mwingine. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni mikrogramu 5 za PM2.5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka na 15 kwa saa 24. Usishtuke ukiona umepita, utapita, swali ni umepita kiasi gani na wapi pamenyanyuka zaidi.

Kwenye ramani ya jengo mwambie msanifu ngazi, stoo, vyoo na korido viangalie barabara, vyumba vya kulala na madarasa viangalie nyuma. Ghorofa za juu zina nafuu kwa hiyo usiweke chekechea ghorofa ya chini mbele alafu ofisi ya mkurugenzi juu nyuma (nimeiona, na mkurugenzi ana AC). Na hii AC isikudanganye, zile za kawaida za ukutani zinazungusha hewa ile ile ya ndani, hazileti mpya na hazichuji chembe ndogo vya kutosha. Joto letu linataka madirisha, kwa hiyo tengeneza uwazi wa ndani au ua wa nyuma ili hewa iingie kutokea huko. Hospitali yenye mtambo wa kuvuta hewa, tundu la kuvutia liwe juu paani upande wa nyuma, mbali na bomba la jenereta. Geti la shule lifungukie mtaa wa ndani, na magari ya wazazi yazime injini.

Ukuta wa tofali mbele unasaidia ghorofa ya chini kuliko fensi ya nondo. Miti nayo inasaidia ikiwa imebanana na majani yanaanza chini kabisa, michongoma minene mbele na miashoki nyuma yake, urefu kuanzia mita 5 na isiwe na mapengo. Mwarobaini mmoja mmoja ni kivuli kizuri tu, moshi unapita chini yake kama kawaida.

Ila mtaa mwembamba wenye maghorofa pande zote kama Kariakoo, miti ya matawi mapana inaweza kufunika moshi usitoke. Pale dawa ni majengo kurudi nyuma kidogo, urefu usilingane, na kuacha mapengo upepo upite. Ukipanga mtaa mpya usikubali ukuta mmoja wa ghorofa kilomita nzima pande zote mbili, na usiweke kituo cha daladala wala taa za kusimamisha magari mbele ya wodi, maana gari likiondoka pale ndo linakanyaga mafuta.

Mwisho ni makaratasi. Mradi mkubwa unaohitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira kupitia NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, isome ile ripoti ukurasa wa hewa, uliza walipima wapi, mwezi gani, saa ngapi, na walikaa muda gani. Ripoti iliyopima mchana mmoja wa upepo irudishwe. Na jirani akitaka kubadili matumizi ya kiwanja kutoka makazi kwenda yadi ya malori, mabadiliko hayo hutangazwa na mna haki ya kuweka pingamizi, peleka kwa maandishi halmashauri, ambatanisha vile vipimo vyenu vya mbele na nyuma na picha ya foleni ya asubuhi, na hakikisha unarudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.