Gari la rimoti la kuhimili mawe ya Goma

Mawe yetu hayana huruma. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002 iliyopita katikati ya mji, na ile ya 2021 iliyofika Buhene, imeacha mawe yenye matundu na makali yanayokula hata soli ya kiatu. Mimi ni fundi wa simu na redio huku Birere, lakini kila likizo ikianza meza yangu hujaa magari ya rimoti. "Papa Fundi, tulilinunua juzi tu, mbona limekufa?" Mengi hayakustahili hata kununuliwa. Anayetoa dola zake kwa ajili ya mtoto anastahili gari litakalodumu.

Dukani usianze na rangi wala mwendo. Ligeuze gari chali utafute skrubu. Lililogandishwa kwa gundi au kubanwa kwa vishikizo vya plastiki halifunguki bila kuvunjika, kwa hiyo siku gia moja ikikatika, gari zima limekwisha. Zuri hufunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita, na kila mkono wa tairi, yaani kile kipande kinachounganisha tairi na mwili wa gari, hutoka peke yake. Kisha muulize muuzaji: mkono huu ukivunjika, nitapata mwingine? Magari ya aina ya Traxxas Stampede na Arrma Granite nayapendekeza kwa sababu hiyo: karibu kila kipande chao huuzwa peke yake, na mtu anayesafiri anaweza kukuletea kwenye mfuko wa shati. Chukudu, kile kipando chetu cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, imeishi kwetu miaka yote hii kwa sababu mwenyewe anaweza kuitengeneza palepale ilipovunjikia.

Sasa shika mkono wa chini wa tairi la mbele uupinde kidogo kwa vidole. Nailoni nzuri hukubali, halafu hurudi. Plastiki kavu ya bei rahisi hukataa kabisa, na ukiitazama kwenye mwanga utaona ufa mweupe umeshaanza pale pini inapopita. Wengi hudhani dawa ni mikono ya alumini inayong'aa. Sikubaliani nao. Alumini ikigonga jiwe hupinda na kubaki imepinda, au hupeleka kishindo chote kwenye chesisi, ambayo ni ghali zaidi. Mkono wa nailoni unalegea, na ukivunjika unabadilisha huo tu. Chuma kitafute kwenye gia, kwenye shafti na ndani ya sevo ya usukani, ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele.

Vumbi letu jeusi ni mchanga wa kusagia. Likiingia kwenye gia huchanganyika na grisi, na ukipangusa jino kwa kitambaa unaona tope la kijivu lenye chembe zinazokwaruza ukucha. Kwa hiyo sanduku la gia liwe na kifuniko kamili. Magurudumu yazunguke juu ya beringi zenye kinga ya mpira, kwani bushi za plastiki hulika upesi, tairi likaanza kuyumba.

Kwa mtoto anayeanza, mota ya brashi inatosha: ni rahisi, na mwendo wake si wa kuumiza mtu. Brashi zake, vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani ya mota, huisha, basi unabadilisha mota. Isiyo na brashi ina nguvu zaidi na hudumu, lakini nguvu hiyo hukata gia ovyo mikononi mwa asiyejua kuachia gesi gari likiwa hewani.

Betri ya nikeli ya volti 7.2 husamehe makosa. Ya lithiamu ya volti 7.4 ni nyepesi na ina nguvu, ila inataka chaja yake yenyewe inayosawazisha seli, isishushwe chini ya volti 3 kwa kila seli, na ikivimba isichajiwe tena. Kwetu kuranti hukatika na kurudi usiku wa manane, basi usiiache kwenye chaja ukaenda kulala. Mama wa nyumba aambiwe hilo mapema.

Umbo? Kwa mitaa ya Majengo au Ndosho chukua lile la magurudumu makubwa, tumbo likiwa juu, la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi. Bagi, lile gari la mbio lenye tumbo la chini, ni tamu kwenye uwanja wa mpira, lakini juu ya lava hukwama kwa tumbo. Gari la kupanda miamba polepole litawafaa wenye subira. Rimoti iwe ya 2.4 GHz; zile za zamani za 27 MHz, watoto wawili wakicheza pamoja, moja huweza kuendesha gari la mwenzake.

Kabla ya kulipa, omba liwashwe. Kandamiza pua ya gari sakafuni, ukate usukani kushoto na kulia. Magurudumu yakishindwa kugeuka, sevo ni dhaifu. Rudisha kwenye rafu. Yakigeuka, weka kando pesa ya mikono miwili ya chini ya mbele na pinyoni moja, yaani gia ndogo ya kwenye mota, ununue siku hiyohiyo. Mikono ya mbele ndiyo hutangulia kuvunjika, kwa sababu mtoto hugonga jiwe kwa pua.