Kamasi za tundu moja tu

Wazazi wenzangu wa Kakamega na Kisumu, msimu huu wa kupukuchua mahindi tazameni pua za watoto. Mafua huchuruza matundu yote mawili. Ukiona tundu moja tu likitoa kamasi nzito zenye uvundo, shuku punje, haragwe au shanga imekwama. Wangu alikaa na haragwe siku nne, nami nampa dawa ya mafua! Lilitolewa limevimba, ganda limebanduka. Tafadhali usichokoe kwa pini wala kibanio, utalisukuma ndani zaidi. Maji nayo hulivimbisha. Mpeleke hospitali. Ikiwa ni betri ndogo ya saa, ondokeni papo hapo, hata usiku wa manane: huunguza nyama ya pua ndani ya saa chache.